Kutoka Maji ya Ruaha hadi Mashimo Meusi: Mikutano ya Wanasayansi wa Graviti na Nafasi ya Afrika Mashariki

Kila baada ya miaka michache wanasayansi wa nchi nyingi hukutana kujadili graviti, yaani nguvu inayovifanya vitu vyote vyenye masi kuvutana, pamoja na mashimo meusi na kosmolojia, ambayo ni elimu ya chanzo, umbo na mwenendo wa ulimwengu mzima. Mkutano wa kwanza wa mfululizo unaoitwa Texas Symposium ulifanyika Dallas, Marekani, mwaka 1963, mfululizo mwingine unaoitwa Marcel Grossmann ulianza Trieste, Italia, mwaka 1975, na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, ambao huitisha mkutano mkuu kila baada ya miaka mitatu, utakutana Roma mwezi Agosti 2027. Mkazi wa Ruaha, Kilosa au Mikumi anaweza kudhani kwamba mijadala hiyo haimhusu, lakini kanuni inayojadiliwa huko inafanya kazi karibu na nyumbani kwake, na historia ya elimu hiyo ina sura muhimu iliyoandikwa katika pwani ya Afrika Mashariki.

Mto Ruaha Mkuu, unaotenganisha wilaya za Kilosa na Kilombero, hushuka kwa kasi kutoka nyanda za juu, na huko Kidatu maji yake huelekezwa kwenye mitambo yenye uwezo wa kuzalisha megawati 204 za umeme. Nishati hiyo inatokana na graviti, kwa sababu kitu chochote kinachoanguka hupata mwendo, na mwendo huo unaweza kugeuzwa kuwa umeme, joto au mwanga. Kadiri mvutano unavyokuwa mkubwa na anguko linavyokuwa refu, ndivyo nishati inayopatikana inavyoongezeka.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayoyafichua mashimo meusi. Shimo jeusi ni mahali ambapo masi kubwa imebanwa katika nafasi ndogo mno, kiasi kwamba ndani ya mpaka wake, unaoitwa upeo wa tukio, hata mwanga hauwezi kutoka. Shimo lenyewe halionekani, lakini gesi inayovutwa kuliendea huzunguka kwa kasi kubwa, husuguana na kupata joto la mamilioni ya nyuzi, kisha hutoa miale ya eksirei kabla ya kuuvuka mpaka huo. Anguko hilo linaweza kugeuza asilimia 6 au zaidi ya masi ya gesi kuwa nishati, ilhali nyota inayogeuza hidrojeni kuwa heli haifikishi hata asilimia 1. Kwa kuwa angahewa ya dunia huizuia miale ya eksirei itokayo angani, vyombo vya kuipima havina budi kupelekwa juu ya angahewa.

Kazi hiyo ndiyo iliyofanyika tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru wake, wakati setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kupima eksirei za angani iliporushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililojengwa na Waitalia baharini karibu na Malindi. Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi huo kwa upande wa Marekani, aliipa setilaiti jina la Uhuru kwa heshima ya wenyeji na ya siku hiyo. Mahali pale palifaa kwa sababu pako karibu na ikweta, ambako roketi hufaidika zaidi na mzunguko wa dunia. Hadi ilipokoma kufanya kazi mwaka 1973, Uhuru ilikuwa imekusanya vipimo vilivyowezesha kuorodheshwa kwa vyanzo 339 vya eksirei, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Kimoja cha vyanzo hivyo, Cygnus X-1, kilikuwa kikibadilika mwangaza kwa haraka mno, jambo lililoonyesha kwamba ni kitu kidogo sana kwa umbo, na wanaastronomia walipopima mwendo wa nyota inayozungukana nacho kwa siku 5.6, waligundua kwamba masi yake ni kubwa kupita kiasi cha nyota za kawaida zilizokufa. Hivyo kikawa kitu cha kwanza kukubaliwa na wengi kuwa shimo jeusi, ingawa makubaliano hayo yalichukua miaka ya hoja na majibizano.

Hapo ndipo thamani ya mikutano inapoonekana, kwa kuwa mtafiti husimama mbele ya wenzake, huonyesha vipimo vyake na kujibu maswali ya watu wenye kila sababu ya kumpinga. Mikutano hiyo imefika Afrika pia: Desemba 2017 Texas Symposium ilifanyika Cape Town, miezi minne tu baada ya kunaswa kwa mawimbi ya graviti, yaani mitikisiko ya anga na wakati, yaliyotokana na kugongana kwa nyota mbili za nyutroni, ambazo ni mabaki mazito ya nyota zilizokufa. Agosti 2024 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, ulioundwa mwaka 1919, ulifanya mkutano wake mkuu Afrika kwa mara ya kwanza, pia Cape Town.

Njia ya vijana wa Tanzania kufika kwenye mikutano hiyo ipo. Huko Kigali, Rwanda, kuna taasisi ya utafiti wa fizikia iliyoanzishwa kwa ushirikiano na kituo cha kimataifa cha fizikia kilichoko Trieste, Italia, inayofundisha shahada za juu, kosmolojia ikiwemo. Aidha, jioni za Julai na Agosti kitovu cha galaksi yetu, Njia Nyeupe, penye shimo jeusi lenye masi ya jua takribani milioni 4, hupita juu zaidi katika anga la Mikumi kuliko kinavyoonekana Ulaya. Kinachohitajika ni shule za sekondari za Kilosa kupewa walimu wa fizikia na hisabati wa kutosha pamoja na maabara zinazofanya kazi, na vyuo vikuu vyetu kutenga fedha za kuwapeleka wanafunzi wao kwenye mikutano hii wakiwa na matokeo yao wenyewe ya kuwasilisha.