Gari Likilia, Lisikilize: Shafti na Beringi za Gari la Mkulima

Siku hizi wakulima wengi wa pande za Nakuru, Njoro, Molo, Bahati na Subukia wana gari, au wana sehemu katika gari la jamaa. Pikapu hupeleka maziwa asubuhi, Probox hubeba viazi, na siku ya Jumapili gari lile lile hupakia watu. Basi likiharibika njiani, hasara si ya gari peke yake. Maziwa yasiyopozwa yakikaa saa chache juani huchacha, na kituo huyakataa. Tena gurudumu likichomoka katika mteremko wa kuingia Subukia, hapo hatuzungumzi juu ya maziwa tena.

Kazi yangu ni ukarani, si ufundi. Lakini gari halivunjiki ghafula. Kwanza hulia, na kilio hicho hata asiye fundi aweza kukisoma akifundishwa. Ukijua kukisoma, utakwenda kwa fundi na habari kamili, wala hutanunua kitu ambacho hakijaharibika.

Kwanza tuvijue vitu vyenyewe. Nguvu ya injini hutoka katika giaboksi ikaenda magurudumuni kwa njia ya shafti. Katika pikapu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma kuna shafti ndefu iitwayo propela, ipitayo chini ya gari mpaka kwenye difu. Kwa kuwa difu hupanda na kushuka pamoja na springi, propela imewekewa viungo vyenye chuma cha umbo la msalaba, ili ipinde huku inazunguka. Gari dogo livutwalo na magurudumu ya mbele halina propela. Lina shafti mbili fupi, moja kila upande, na karibu na gurudumu kuna kiungo chenye gololi ambacho mafundi hukiita sivii. Sivii hukaa ndani ya mfuko wa mpira uliojaa girisi.

Beringi ni kitu kingine. Ni pete mbili za chuma kigumu, na katikati yake gololi au vipipa vidogo vizungukavyo katika girisi. Uzito wote wa gari, na wa magunia yako, umelala juu ya beringi za magurudumu.

Sasa tusikilize. Ukikata kona kali polepole ukasikia "ka-ka-ka-ka" mbele, sivii ya nje imelika. Jaribu katika uwanja mpana: pinda usukani mpaka mwisho, uende taratibu kwa kuzunguka, kisha upande wa pili. Halafu chungulia nyuma ya gurudumu. Ukiona girisi nyeusi imerukia ndani ya rimu, mfuko wa mpira umepasuka. Mfuko ukiwa umepasuka na sauti bado haijaanza, una bahati. Badilisha mfuko, osha kiungo, tia girisi mpya nyeusi ya sivii, na huenda kikadumu. Sauti ikiisha kuanza, girisi haiponyi.

Gari likitetemeka unapopanda kilima kwa nguvu, kama kuelekea Mau Summit, na kutulia unapopunguza mafuta, tazama kiungo cha ndani cha shafti hizo fupi. Katika pikapu, mlio wa "ko!" unapoachia klachi au kubadili gia huonyesha mara nyingi msalaba wa propela uliolegea. Mlio kama wa ndege mdogo, unaofuatana na mwendo wa pole, ni msalaba uliokauka girisi. Propela ikiwa na vipande viwili, kuna na beringi ya katikati iliyofungwa katika mpira. Mpira huo ukichakaa, sakafu yote hutetemeka.

Beringi ya gurudumu haigongi hapo mwanzo. Huvuma. Ni "uuuu" ya chini inayopanda pamoja na mwendo, na watu wengi huizoea wakadhani ni lami. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, maana tairi zilizolika vibaya huvuma vile vile, na difu pia. Wapambanue hivi. Sauti ya tairi hubadilika utokapo kwenye lami kuingia murram. Ya beringi haibadiliki sana. Sauti ya difu hubadilika unapokanyaga mafuta na unapoachia. Beringi haijali mafuta. Mahali tambarare pasipo magari, toa gia kidogo gari lijiendee: kama uvumi ungalipo, si injini. (Usifanye hivyo mteremkoni hata mara moja.) Kisha, barabara ikiwa wazi, pinda kidogo kulia, halafu kushoto. Ukipinda kulia uzito huenda upande wa kushoto. Kwa hiyo uvumi ukizidi hapo, beringi mbovu ni ya kushoto. Ukizidi unapopinda kushoto, ni ya kulia.

Ukifika nyumbani, hakikisha kwa mikono. Weka gari mahali sawa, zuia magurudumu mengine kwa mawe, inua kwa jeki, na utie kigingi imara chini ya gari. Usiingie chini ya gari lililosimama juu ya jeki pekee, na watoto wakae mbali. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki nawe utikise tena. Mchezo ukiisha, ulikuwa katika beringi. Ukibaki, ni viungo vinavyoshika gurudumu, nayo ni hatari ya namna nyingine. Mwisho zungusha gurudumu kwa mkono huku vidole vingine vimegusa springi. Beringi nzima huteleza kimya. Iliyolika utaisikia vidoleni ikikwaruza kama kinu cha mkono.

Kwa nini beringi zetu hufa mapema? Vumbi la Bonde la Ufa ni jepesi, lina majivu ya volkeno, na karibu na Gilgil kuna udongo mweupe wa Kariandusi, ambao ni jamii ya vitu vitumiwavyo kung'arishia vyuma. Mashindano ya magari ya Safari yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, yakiendeshwa pande za Naivasha, madereva wa Ulaya walilalamikia vumbi hilo. Wao wana mafundi wa kuwangoja mwisho wa mbio. Wewe una mke au mume na deni la mbolea. Maji nayo huharibu: habu ikiwa ya moto ikaingia ghafula katika mto baridi, hewa ya ndani hupungua na kuvuta maji kupitia sili. Baada ya mteremko mrefu, pumzika kidogo kabla ya kuvuka.

Ukinunua beringi, chukua ile kuukuu uende nayo dukani, ulinganishe namba iliyochongwa juu ya pete. Nyingi za siku hizi zimefungwa kabisa, hazitiwi girisi, hubadilishwa nzima. Zile za vipipa vilivyochongoka za magari ya zamani huoshwa, hupakwa girisi na kukazwa kwa kipimo. Simama karibu fundi anapofanya kazi. Beringi mpya haigongwi kwa nyundo na patasi. Huingizwa kwa mashine ya kukandamiza, na nguvu ikae juu ya pete inayobanwa, si juu ya gololi. Ikigongwa, pete huingia vishimo visivyoonekana, na baada ya miezi michache uvumi utarudi nawe utalaumu duka. Gari likiwa na breki za ABS, upande mmoja wa beringi nyingine una sumaku ya kusomwa na mtambo. Ikigeuzwa, taa ya ABS itawaka.

Kwa beringi zinazokazwa kwa kipimo, nenda kama kilomita 100, kisha inua gurudumu ulitikise tena. Na uvumi ukigeuka kuwa mkwaruzo, au rimu moja ikawa ya moto kuliko wenzake, usipakie hata debe moja. Maziwa ya asubuhi hiyo yaende kwa gari la jirani.