Betri ndiyo roho ya setilaiti

MFANYABIASHARA anayevusha taa za sola mpakani analijua lalamiko la wateja: taa inachaji mchana kutwa, ikifika saa tatu usiku imezima. Mara nyingi paneli ni nzima, kilichochoka ni betri. Wahandisi wa setilaiti wanahangaika na tatizo hilohilo, ila wao chombo kikishapaa hawawezi kukirudisha kwa fundi.

Kanda yetu ina mifano mitatu. Setilaiti ndogo ya Kenya, 1KUNS-PF, iliachiwa angani Mei 2018. RwaSat-1 ya Rwanda ilifuata Novemba 2019, na PearlAfricaSat-1 ya Uganda Desemba 2022. Zote zilitokea katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kupitia maabara ya Japani iitwayo Kibo.

Katika kimo hicho, takriban kilomita 400, chombo huizunguka dunia kwa dakika 90 hivi, na kwa dakika kama 35 kati ya hizo kinaweza kuwa gizani, nyuma ya dunia. Paneli hazizalishi kitu. Kompyuta na redio hutegemea betri. Jua likitoka, betri hujazwa upya. Mizunguko hiyo hufika kama 16 kwa siku, zaidi ya 5,600 kwa mwaka. Taa inayochajiwa mara moja kwa siku ingechukua miaka 16 kufikisha idadi hiyo.

Betri hustahimili kazi hiyo isipokaushwa. Darubini ya Hubble ilirushwa 1990 na betri sita za nikeli na hidrojeni. Kila ilipoingia gizani, ilitumia sehemu ndogo tu ya akiba yake. Betri hizo zilidumu hadi Mei 2009, wanaanga walipozibadilisha. Kituo cha Kimataifa nacho, kati ya 2017 na 2021, kiliondoa betri 48 za aina hiyo na kuweka 24 za lithiamu, ambazo hubeba umeme mwingi katika nafasi ndogo.

Kwa anayenunua mzigo wa sola Busia au Gatuna, kuulizia wati za paneli hakutoshi. Uliza betri ni ya aina gani, inahifadhi kiasi gani, na mteja atatumia kiasi gani kwa usiku mmoja. Ikizidi matumizi hayo, itadumu zaidi. Bei itapanda kidogo, lakini mzigo hautarudishwa dukani.