Anayumba wala hajalewa: ugonjwa wa Huntington na familia zinazouguza

Naomba leo tuache siasa na bei ya korosho pembeni kidogo, tuongee ishu moja ya afya. Wengi wetu hatujawahi kuisikia, lakini inawezekana kabisa umeshaiona kwa macho yako bila kujua jina lake.

Chukulia mfano huu, nautunga tu ili tuelewane. Kuna baba mmoja Nanyamba, ana miaka 41. Mchapakazi, mikorosho yake inapaliliwa kwa wakati, hana makuu na mtu. Kidogo kidogo anabadilika. Anakuwa mkali kwa vitu vidogo, anasahau hela alikoiweka, vikombe vinamponyoka. Vidole vinachezacheza hata akiwa amekaa, mabega yanaruka, uso unajikunja wenyewe. Baada ya miaka mitatu minne akipita barabarani anayumba, na vijana wa stendi wanacheka: "Mzee kashapiga uraka asubuhi yote hii!" Kumbe hajaonja hata tone.

Nyumbani nako ndugu wanasema mkewe kamlisha limbwata. Wengine wanasema jini, wengine wanamnyooshea kidole bibi jirani. Halafu mzee mmoja anakumbuka: "Mbona hata baba yake alikwisha hivi hivi?"

Wote wamesema, ila aliyeukaribia ukweli ni huyo mzee.

HUU UGONJWA NI KITU GANI?

Unaitwa ugonjwa wa Huntington, kwa jina la daktari Mmarekani, George Huntington. Mwaka 1872, akiwa bado kijana wa miaka kama 22, aliandika kuhusu familia za kisiwa cha Long Island, jimbo la New York. Baba yake na babu yake nao walikuwa madaktari huko huko, kwa hiyo ukoo mzima wa madaktari ulikuwa umeziona familia zile zile zikiugua kizazi baada ya kizazi. Zamani jina lake la kitaalamu lilibeba neno la Kigiriki lenye maana ya kucheza ngoma, maana mwili wa mgonjwa unacheza bila yeye kutaka.

Ni ugonjwa wa ubongo. Sehemu za ndani zinazosimamia mwendo, mawazo na hisia zinakufa polepole. Mara nyingi unaanza kati ya miaka 30 na 50, na mtu huishi nao miaka kama 15 hadi 20. Usidhani ni kuchezacheza tu. Kuna hasira, huzuni kali, kusahau, kushindwa kupanga mambo, ulimi kuwa mzito, na mwishoni kushindwa kumeza na kutembea. Mara nyingi tabia hubadilika kabla mwili haujaanza kucheza, ndiyo maana ndoa nyingi huvunjika kabla mtu hajafikishwa hospitali.

Hauambukizi. Si kwa mate, si kwa kula sahani moja, si kwa kulala chumba kimoja. Unarithiwa.

UNARITHIWAJE?

Kila mmoja wetu ana jeni mbili za aina hii, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Ndani yake kuna herufi tatu za kemia, C-A-G, zinazojirudia. Zikijirudia chini ya mara 27, hali ni ya kawaida. Zikifika 36 hadi 39 mtu anaweza kuugua au asiugue. Zikiwa 40 na kuendelea, akijaliwa umri ataugua.

Mzazi mwenye jeni mbovu moja anaweza kumpa mtoto ile mbovu au ile nzima. Ni kama kurusha sarafu. Na hapa wengi wanakosea: sarafu inarushwa upya kwa kila mtoto. Watoto watatu wakisalimika haina maana wa nne ndiye atakayepata. Watoto wote wanaweza kupata, na wote wanaweza kupona. Wa kike na wa kiume ni sawa. Na ambaye hakurithi hawezi kumpa mwanawe, yaani kwake mnyororo umekatika.

Sasa sikilizeni ndugu zangu wa kusini. Kwa jadi ya Wamakonde, na hata Wayao na Wamwera, ukoo hufuatwa kwa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Ugonjwa huu haujui hilo. Baba akiugua, watu wanahesabu ukoo wake wa kwa mama. Watoto wake wakija kuugua baada ya miaka 20, wanahesabiwa ukoo mwingine, wa mama yao. Basi inaonekana kama balaa limeruka kutoka ukoo huu kwenda ule, na hapo ndipo watu wanaanza kutafuta mchawi. Kumbe ni mstari mmoja tu ulionyooka, baba kwenda kwa mtoto. Ukitaka kuuona lazima uchore pande zote mbili: nani aliugua, kwa umri gani, alianzaje. Karatasi hiyo moja ni zawadi kubwa kwa daktari.

KWANI HATA SISI TUNAO?

Kuna watu watasema "hayo ni magonjwa ya Wazungu." Hapana. Mwaka 1981 jarida la kitabibu la Uingereza, Journal of Medical Genetics, lilichapisha makala ya daktari E. M. Scrimgeour kuhusu ugonjwa wa Huntington hapa hapa Tanzania. Na kuna ndugu yake wa karibu, unaofanana nao kama pacha, uliogunduliwa mwaka 2001. Huo unatokana na jeni nyingine, na karibu wagonjwa wake wote ni watu wenye asili ya Afrika. Kwa hiyo mtu akipimwa Huntington na kukutwa hana, haina maana kwamba anajifanya.

Ila pia tusikimbilie kumpa kila anayetikisika jina hili. Kuna dawa za magonjwa ya akili zinazoweza kuleta mwendo wa namna hiyo. Kiharusi kinaweza. Sukari ikipanda sana inaweza. VVU vikiingia kwenye ubongo vinaweza. Mtoto naye anaweza kupata kuchezacheza baada ya ugonjwa wa koo, na huyo anatibika. Ndiyo maana tunasema hospitali kwanza, si kijiwe kwanza.

Kwa mtu wa Nanyamba, anza kituo cha afya, kisha Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Ikibidi kumwona bingwa wa mishipa ya fahamu, kuna Muhimbili, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, au KCMC Moshi. Najua nauli si mchezo. Ndiyo maana ile karatasi ya ukoo muwe nayo mkononi siku ya kwanza, msije kuzungushwa safari tatu kwa kitu ambacho mngekieleza kwa moja.

DAWA IPO?

Ya kuponya hakuna. Akikuambia mtu anayo, awe wa kanzu au wa koti jeupe, linda mfuko wako. Kuna familia zinauza shamba la mikorosho kwa matibabu yasiyotibu, halafu mgonjwa yupo pale pale na chakula hakuna.

Lakini "haiponi" si sawa na "hakuna la kufanya". Zipo dawa za kupunguza kuchezacheza, na zipo za huzuni, wasiwasi na hasira. Daktari ndiye wa kuzipima, maana zikizidi zinaweza kumfanya mtu akakamae au azubae. Huko duniani utafiti unaendelea. Septemba 2025 kampuni ya uniQure ilitangaza kuwa tiba yake ya jeni, AMT-130, inayowekwa kwenye ubongo kwa upasuaji, ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 75 ndani ya miaka mitatu kwa wagonjwa wachache waliopewa dozi kubwa. Ni habari ya kutia moyo, ila leo si kitu cha kwenda kukiulizia dukani Mtwara.

KUUGUZA NYUMBANI

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na karibu yote inafanywa na mke, dada au binti. Mambo machache:

1. Chakula. Mwili unaocheza mchana kutwa unachoma nguvu nyingi, mgonjwa anakonda hata akila kama sisi. Mpe mara nyingi kidogo kidogo. Huku kwetu tuna bahati: uji wenye karanga au korosho zilizosagwa, nazi, mafuta, parachichi, samaki aliyetolewa miba.

2. Kumeza. Hatari kubwa ni kupaliwa. Akae wima, ale taratibu, tonge dogo, msimchekeshe wala kumsemesha akiwa na chakula mdomoni. Asilale mara tu baada ya kula. Maji matupu humpalia kirahisi kuliko uji mzito. Chakula kikiingia mapafuni kinaleta nimonia, na hiyo ni moja ya sababu kubwa za vifo kwa wagonjwa hawa.

3. Usalama. Mbali na mafiga, panga, kisima na pikipiki. Kikombe cha plastiki badala ya glasi. Godoro liwekwe chini asianguke kutoka kitandani.

4. Maneno. Ulimi ni mzito lakini anaelewa kuliko unavyodhani. Muulize swali la ndiyo au hapana, kisha subiri. Usimmalizie sentensi, na usimjadili mbele yake kama vile hayupo.

5. Hasira. Akikutukana, jiambie huo ni ugonjwa. Toka nje dakika kumi, rudi. Ratiba ya kila siku isiyobadilika inamtuliza sana.

6. Akisema amechoka kuishi, usimwambie "acha utani". Hatari ya kujiua katika ugonjwa huu ni kubwa kweli. Msimwache peke yake, na apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

7. Zamu. Mjomba, shangazi, kaka wa Dar, kila mtu awe na zamu au atume kitu. Binti wa kidato cha pili asigeuzwe nesi wa kudumu wakati wanaume wazima wapo kijiweni. Halmashauri kuna afisa ustawi wa jamii, mfuateni.

KWAKO KIJANA AMBAYE MZAZI WAKO ANAUMWA

Pengine wewe ndiye uliyeingia kafe leo kutafuta jambo hili, na umefunika skrini jirani asione. Nisikilize.

Yupo mwanamama wa Marekani anaitwa Nancy Wexler. Mwaka 1968, akiwa na miaka kama 23, aliambiwa mama yake ana Huntington. Maana yake na yeye sarafu yake ilikuwa hewani. Kuanzia 1979 alikwenda Venezuela, kwenye vijiji vya wavuvi maskini vya Ziwa Maracaibo, ambako ugonjwa huu ulikuwa mwingi kuliko kwingine kokote duniani. Alichora ukoo wao wenye maelfu ya watu na kukusanya damu yao. Damu hiyo ndiyo iliyowasaidia wanasayansi kujua mwaka 1983 jeni iko eneo gani, na kuipata yenyewe mwaka 1993. Kipimo anachopimwa mtu London au Chicago leo kimetokana na damu ya wavuvi, watu kama hawa wetu wa mdomo wa Ruvuma.

Na Wexler mwenyewe? Kipimo kilipopatikana hakukimbilia kupima. Mwaka 2020, akiwa na miaka 74, alieleza hadharani kuwa na yeye anaugua.

Ninachotaka ukichukue hapo ni kwamba kupima ni hiari yako. Wengi walio kwenye hali yako duniani huchagua kutopima, na si waoga. Wengine hupima ili wapange ndoa na watoto, na si wenye kiherehere. Utaratibu unaokubalika ni mtu mzima wa miaka 18 na kuendelea, apewe ushauri kabla na baada, na asilazimishwe na mtu, si mzazi, si mchumba, si mwajiri. Majibu ukishayapata huwezi kuyarudisha.

Mchumba ukamwambie? Kwa maoni yangu ndiyo, kabla ya watoto, maana na yeye anaingia kwenye hesabu. Ila lini na kwa maneno gani, utajua mwenyewe. Na kikombe kikikuponyoka leo usikeshe ukiwaza. Kila mtu anaangusha vikombe.

MWISHO

Jina la ugonjwa halimponyi mtu, lakini linafanya kazi. Linamtoa mke kwenye kesi ya limbwata, linamtoa bibi jirani kwenye kesi ya uchawi, linaokoa shamba lisiuzwe, na linamfanya mtoto ajue baba yake hakuwa mlevi wala mtu mbaya. Mgonjwa anayefichwa chumba cha nyuma hawezi kupata hata hayo.

Kwa hiyo mdau, siku ukimwona mtu anayumba stendi, kabla ya kucheka mshike mkono umvushe barabara.

Mwenye uzoefu wa kuuguza atuandikie hapo chini, tujifunze. Ila tafadhali usitaje jina la mgonjwa wala kijiji chake.

Naomba kuwasilisha.