Mwarobaini Tuupe Haki Yake

Mwarobaini si mgeni katika visiwa vyetu. Ulitoka Bara Hindi, ukapata kwetu kivuli cha kutoa na jina la kujivunia, kwani wazee waliamini kwamba hutibu maradhi arobaini. Lakini sifa ikipita kiasi huweza kuleta msiba. Yafaa basi tutenganishe yale ambayo mti huu unayaweza na yale tunayousingizia.

Kazi yake iliyo wazi zaidi ni shambani. Mwaka 1959, Heinrich Schmutterer, mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, alishuhudia nchini Sudan nzige wakimaliza mimea yote huku miarobaini ikisalia na majani yake. Baadaye ilibainika kwamba mbegu zake zina azadiraktini, kitu kinachowafanya wadudu wengi waache kula na washindwe kukua.

Mkulima wa mchicha, bamia au bilingani anaweza kujitengenezea dawa hiyo. Achukue gramu 500 za kokwa zilizokaushwa kivulini, zisizoota ukungu, azitwange na kuziloweka usiku kucha katika lita 10 za maji. Achuje kwa kitambaa, atie sabuni kidogo, kisha anyunyize jioni, kwa kuwa jua huidhoofisha upesi. Asitazamie wadudu kufa papo hapo. Arudie baada ya wiki moja, au mvua ikiiosha.

Kwa ngozi pia mti huu una nafasi yake. Watu wengi huogea maji yaliyochemshiwa majani yake wanapowashwa na harara au upele, na kijiti chake ni mswaki wa siku nyingi. Hata hivyo, mwenye ngozi nyepesi ajaribu kwanza mahali padogo mkononi.

Hatari huanza pale dawa ya nje inapogeuzwa kinywaji. Mafuta ya mbegu za mwarobaini asinyweshwe mtoto mchanga hata tone moja. Madaktari wa India na Malaysia wameandika habari za watoto waliotapika, wakalemewa na usingizi na kupatwa na degedege baada ya kunyweshwa. Baadhi yao walifariki. Mama mjamzito naye ajiepushe na kuyanywa. Na mwenye homa asikae nyumbani akinywa maji machungu ya majani huku malaria ikimla. Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto za malaria mwaka 2003. Njia ya salama ni kupima damu na kutibiwa mapema.

Kwa viongozi wetu tuna ombi. Mabwana shamba na wauguzi wakutane na wananchi katika kila shehia, wa kwanza wakionyesha namna ya kutengeneza dawa ya mboga, wa pili wakiwaonya akina mama juu ya mafuta. Miti hii ipandwe majumbani na skuli, wala si ndani ya misitu ya asili, kwa kuwa huenea upesi na kuisonga mimea mingine.

Kuheshimu dawa ni kujua mpaka wake. Mwarobaini utunze bustani zetu na kutupa kivuli. Uhai wa watoto wetu tuukabidhi kwa wenye ujuzi wa tiba.