Mafuta ya Mkobani: Biashara ya Vipodozi ya Akina Mama wa Gusii

Uuzaji wa moja kwa moja ni biashara isiyo na duka. Kampuni humuuzia mwuzaji bidhaa kwa bei ya chini, naye huzifikisha mwenyewe kwa mtumiaji: nyumbani, ofisini, chamani, hata kwenye kituo cha kupimia majani chai. Katika kaunti za Kisii na Nyamira, eneo la Gusii nchini Kenya, kazi hii hufanywa na wanawake wa kila rika, lakini umri unaoifaa zaidi ni ule ambao kazi nyingine nyingi huuona kuwa wa kupumzika.

Tangu mwanzo biashara hii ilibebwa na wanawake wa makamo. David McConnell alipoanzisha New York, mwaka 1886, kampuni ya manukato ambayo baadaye iliitwa Avon, wakala wake wa kwanza alikuwa Bi. P. F. E. Albee wa New Hampshire, mwanamke wa miaka 50, aliyezunguka kuuza na kuandikisha wanawake wenzake. Mary Kay Ash naye alikuwa na miaka 45 alipofungua kampuni yake mjini Dallas, Septemba 1963, kwa akiba ya dola 5,000. Alikuwa ameacha kazi baada ya mwanamume ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kazi kupandishwa cheo na yeye kurukwa. Oriflame ya Uswidi, iliyoanzishwa mwaka 1967, ni miongoni mwa kampuni zilizoleta katalogi zao hadi Kenya.

Huko Gusii umri una faida ya aina yake. Mila haimruhusu mtu kuoa ndani ya ukoo wake, kwa hiyo kila mama aliyeolewa ana kwao na ana kwake. Akifika miaka hamsini ana watu pande zote mbili, na wakwe wa watoto wake juu yao. Akiitwa omong'ina, neno la Ekegusii linalomtaja mama mtu mzima kwa heshima, hukaribishwa kiti mahali ambapo msichana mwenye katalogi ileile angeulizwa ametumwa na nani. Aliyekuwa mwalimu ana zaidi. Watumishi wa umma hustaafu wakiwa na miaka 60, na mwalimu anayestaafu Nyansiongo au Ogembo huwa na vijiji vizima vya watu aliowafundisha kusoma. Mtaji huo hakuna benki inayoutoa.

Mtaji wa pesa ni habari nyingine. Sensa ya mwaka 2019 ilikuta zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba ya Kisii. Mashamba yamegawanywa hadi yamekuwa vipande, na hati, ambayo ingekuwa dhamana ya mkopo, mara nyingi ina jina la mume. Pesa ya mzigo wa kwanza hutoka chamani. Wazo lenyewe ni la zamani: kulikuwa na egesangio, kikundi cha majirani waliolimiana kwa zamu, na siku hizi kinachozungushwa ni shilingi. Hazina ya Biashara za Wanawake, iliyoanzishwa na serikali mwaka 2007, nayo hukopesha kupitia vikundi bila kudai hati ya shamba.

Cha kuuza huamuliwa na mahali. Kanisa la Waadventista Wasabato, ambalo kituo chake cha Nyanchwa mjini Kisii ni cha mwaka 1912, lina waumini wengi mno katika kaunti hizi, nao hufundishwa kutojipamba kwa rangi na vito. Kwa sababu hiyo rangi ya midomo, inayojaza kurasa za katalogi, inaweza kukaa mkobani mpaka tarehe yake ipite, huku mafuta ya mwili, sabuni na marashi mepesi yakiagizwa tena na tena. Ijumaa jua likizama, mauzo husimama hadi Jumamosi jioni. Anayempigia Msabato simu asubuhi ya Sabato kuulizia oda amejiharibia mwenyewe.

Kwenye kituo cha majani chai kazi huanzia mikononi. Utomvu wa chai huacha weusi kwenye ncha za vidole na mikunjo ya viganja, na matawi ya michai hukwaruza ngozi. Mama anayejua kazi yake hasemi neno urembo. Humshika mchumaji mkono wa kushoto, huminya krimu ya ukubwa wa punje ya maharagwe, huisugua taratibu kutoka kifundo hadi kucha, kisha humwambia aiweke mikono yote miwili juani. Wa kulia unabaki mkavu kama gome. Waliosimama foleni na vikapu vyao nao hunyoosha mikono. Mwuzaji hutabasamu, ingawa kikopo hicho cha kuonyeshea amekinunua kwa pesa yake.

Baada ya hapo hutoka daftari. Huandikwa jina, bidhaa, bei, na mwishoni neno moja linalotawala biashara nzima: bonasi. Mkulima anayepeleka majani kiwanda cha KTDA, kampuni ya chai ya wakulima wadogo, hulipwa sehemu kila mwezi kwa kilo alizopima, na malipo makubwa ya mwaka, ndiyo bonasi, huja karibu na Oktoba. Oktoba hadi Desemba mwuza vipodozi naye huvuna. Januari karo humeza kila shilingi, na mtu aliyeahidi kulipa "wiki ijayo" huanza kupitia njia ya nyuma ya soko.

Hesabu yake si ngumu, ila wengi huiepuka. Tuseme mama wa Ekerenyo anapewa punguzo la asilimia 20. Amechukua vikopo 15 vya bei ya shilingi 1,000 kila kimoja, akalipa 12,000. Akiviuza vyote faida ni 3,000. Nauli ya kwenda Kisii kuchukua mzigo na ya bodaboda ya kuusambaza, pamoja na kikopo cha kuonyeshea, zimekula 1,500. Zimebaki 1,500. Wateja wawili tu wasipolipa, anakuwa amepata hasara ya shilingi 500, na ameshinda njiani mwezi mzima. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, imempunguzia safari za kudai, lakini haimlazimishi mdaiwa kulipa.

Ufinyu huo wa faida ndio unaofanya ahadi ya pili ya kampuni hizi ivutie: andikisha wengine, upate asilimia ya mauzo yao. Mpango huo ni halali maadamu pesa inatoka kwa mtu aliyenunua mafuta akayapaka. Ikitoka kwenye ada za wanaojiunga, hiyo ni piramidi. Wakenya walipoteza mabilioni ya shilingi katika miradi ya piramidi iliyoporomoka karibu na mwaka 2007, hata serikali ikaunda jopo la uchunguzi lililoongozwa na Francis Nyenze. Kwa mama wa Keroka hatari ni ya karibu zaidi. Watu anaowaandikisha ni wifi, binamu na mwenzake wa kwaya, na mpango ukivunjika hana mahali pa kwenda kujificha.

Hatari nyingine imo ndani ya kikopo. Wanawake wa makamo hutokwa na madoa usoni, na ndio wanaouliza kwa sauti ya chini kama kuna "ile ya kung'arisha". Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998. Zebaki hupenya ngozini na kudhuru figo. Krimu za steroidi zinazotumiwa kiholela huikondesha ngozi. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) hutoa alama na namba ya kibali kwa bidhaa iliyopimwa, na mtu yeyote anaweza kuituma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 ili ajue kama ni ya kweli. Hata anayechemsha mafuta ya parachichi jikoni kwake anahitaji kibali hicho kabla ya kuyauza. Mwuzaji anayemkatalia mteja krimu isiyo na alama hupoteza mauzo ya siku hiyo. Anayempa, uso wa jirani yake ukiharibika, ataulizwa yeye, si kampuni.

Kupima kama biashara imesimama hakufanywi Desemba, pesa zikiwa nyingi mikononi. Hufanywa Februari, karo ikiwa imelipwa na daftari likiwa limejaa madeni: mama anayeweza kuagiza mzigo mwingine mwezi huo bila kukopa chamani ndiye mwenye biashara.