Timu ya roboti: ni ya shule au ni yenu? Jueni haya kabla ya kununua vifaa

Chukua mfano huu. Wazazi wa Gredi ya 8 wanachanga kupitia M-Pesa, seti ya roboti inanunuliwa, mwalimu wa kompyuta anakuwa mlezi wa klabu. Watoto wanaipenda kweli.

Januari mwalimu anapata uhamisho. Aliyekuja hana habari na roboti, maabara imefungwa, na mzazi akienda kuulizia ile seti anaambiwa ni mali ya shule.

Nani ana haki hapo? Kama hakuna kilichoandikwa, hata mwalimu mkuu mwenye nia njema hana la kuwajibu.

Je, ni lazima timu iwe ya shule?

Hapana. FIRST, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1989 na mvumbuzi Dean Kamen, hupokea timu za shule, za mtaa na hata za familia zilizoungana. World Robot Olympiad, iliyoanza 2004, hutaka wanafunzi 2 au 3 na kocha mwenye miaka 18 au zaidi. Anaweza kuwa mwalimu, mzazi au kaka wa chuo.

Kwa hivyo uamuzi ni wenu.

Mkiwa chini ya shule

Mnapata chumba, stima, kompyuta na watoto ambao tayari wako pale. Barua ya kuomba ufadhili ikiwa na muhuri wa shule inasomwa haraka. Siku ya safari kuna basi, na mzazi anajua mtoto yuko na mwalimu wake.

Shida ni ratiba. Mnafanya kazi saa ya klabu tu, wiki ya mitihani mnasimama, likizo geti linafungwa. Pesa zikiingia akaunti ya shule, hata betri moja inasubiri idhini. Na yule rafiki wa shule jirani anayejua kuandika programu kuwaliko nyote hawezi kuingia.

Mkijitegemea

Mnachanganya watoto wa shule tofauti, mnakutana Jumamosi na likizo, mnaamua mambo siku hiyo hiyo. Vifaa ni vyenu.

Lakini sasa kila kitu ni juu yenu. Mtoto akichomwa na chuma cha kulehemu nyaya, nani anampeleka hospitali na nani analipa? Mfadhili naye atataka kuona cheti cha usajili na akaunti ya benki yenye jina la kundi. Kenya, Sheria ya Usajili wa Makundi ya Jamii ya 2022 inataka kundi liwe na wanachama wasiopungua 10. Mnaanzia ofisi ya maendeleo ya jamii iliyo karibu nanyi.

Kuna jambo la picha pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Msipakie tu video za mazoezi mtandaoni.

Na kuna hili ambalo watu hawapendi kulisema: timu ya kujitegemea huishi kwa michango. Mzazi akikwama mwezi mmoja, mtoto anaanza kukosa mazoezi kwa aibu. Amueni mapema kwamba hakuna anayefukuzwa kwa sababu ya pesa, na mtafidia vipi.

Vipi kuhusu njia ya katikati?

Inawezekana. Timu inakuwa yenu, shule inawapa chumba. Andikeni ukurasa mmoja, mwalimu mkuu atie saini, mzazi mmoja au wawili pia. Uwe na haya:

• Vifaa ni vya nani, na kikiharibika nani analipa.
• Pesa zinakaa wapi, na ni watu gani watatu wanaoona hesabu.
• Ufunguo wa chumba uko na nani Jumamosi na likizo.
• Mwalimu au mtoto akihama, nini kinafanyika.
• Watu wazima wawili wawepo kila mazoezi, si mmoja.

Sasa mchague ipi?

Kama ndio mnaanza, hamna vifaa, na mwalimu mkuu anawaunga mkono, anzieni shuleni. Mtajifunza kwa gharama ndogo. Kama watoto wanatoka shule mbalimbali na kuna mahali salama pa kukutana, jisajilini wenyewe.

Vyovyote mtakavyochagua, siku seti inapofika, ipigeni picha, andikeni orodha ya kila mota, sensa na betri, na nakala zikae kwa watu watatu. Mwalimu akihama Januari, atakayefungua maabara atajua kilichomo ni cha nani, na watoto watarudi mazoezini wiki hiyo hiyo.