Zizi la Ndama Ndani ya Kompyuta

Sogeeni karibu, watoto, niwasimulie. Hadithi hii ni ya Takaba, kaunti ya Mandera, kule ambako ngamia ndiye mali na swali la kwanza msafiri analoulizwa ni kama kwao mvua imenyesha.

Palikuwa na msichana wa kidato cha pili. Mjomba wake, mwenye duka Garissa, alimpa laptopu kuukuu yenye Windows 10. Microsoft ilikuwa imeacha kuihudumia Windows hiyo kama kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yenyewe ilikuwa nzee mno kwa Windows 11. Msichana akakata shauri: ataweka Linux, mfumo ambao Linus Torvalds alianza kuuandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na ambao mtu yeyote anaweza kuutumia bila kulipa. Akachagua Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Faili lake ni karibu GB 6, mzigo mkubwa kwa bando ya simu. Basi mjomba akalipakua hukohuko Garissa, akaliandaa kwenye flashi kwa programu maalumu ili kompyuta iweze kuwaka kutoka humo, akalituma kwa basi.

Kisha akapiga simu, akimwita abti, kama mjomba na mpwa wanavyoitana kwa Kisomali. "Abti, ndani ya laptopu mna picha za harusi ya mama yako na hesabu zangu za duka. Zisipotee."

"Hazitapotea, abti," msichana akajibu. Lakini moyo ulimdunda, na ulikuwa na haki ya kudunda. Katika kusakinisha Linux, karibu kila kosa hurekebishika. Kugawa diski ndiko kunakohitaji macho mawili yaliyofunguka.

Kugawa diski ni nini hasa? Mmeliona boma la wafugaji: ua mmoja mkubwa wa miiba kwa nje, na ndani vizizi. Ndama wa ngamia hulala kwao, mama zao kwao, la sivyo asubuhi hakuna maziwa ya kukama. Diski ni boma hilo, na kila kizizi huitwa patisheni. Windows inaweza kukaa kimoja, Linux kingine, na zisisumbuane. Ila ukitaka kusogeza ua, waondoe kwanza wanyama walio pale unapoupitisha.

Msichana alianza na nakala. Picha zote na hesabu zote alizinakili kwenye flashi nyingine, akafungua picha chache kuhakikisha zinaonekana. Akachaji betri hadi ikajaa, maana umeme ukikatika wakati patisheni inapunguzwa, data inaweza kuharibika. Halafu, akiwa bado ndani ya Windows, akafungua chombo chake cha kusimamia diski, akaiambia ipunguze patisheni yake kwa MB 200000. Kazi hii ni heri kuiachia Windows yenyewe, kwa kuwa inajua ilikoweka vitu vyake. Alipomaliza aliizima kabisa. Windows iliyozimwa nusunusu, ikabaki kama imelala, huacha patisheni yake haijafungwa vizuri.

Akachomeka flashi ya Ubuntu, akawasha. Baada ya maswali ya lugha na kibodi likaja lile lenyewe: futa diski yote, sakinisha kando ya Windows, au gawa mwenyewe? Hilo la kwanza lingemeza harusi nzima. La pili ni salama, na kwa wengi linatosha. Yeye alichagua la tatu, kwa sababu nitakayoieleza.

Kwenye skrini ikatokea orodha: sda1, sda2, sda3, na chini yake sdb. Herufi inataja diski, namba inataja patisheni. Atajuaje ipi ni ipi? Alitazama ukubwa. Yenye GB 500 ni diski ya laptopu. Yenye GB 8 ni flashi. Nafasi tupu ilisoma karibu GB 210, naye alikuwa ameomba 200000 tu! Msishangae. Windows huhesabu kwa 1,024 pale ambapo Ubuntu huhesabu kwa 1,000. Nafasi ni ileile. Ndiyo maana diski hiyohiyo ya GB 500, Windows huiita 465.

Katika nafasi ile tupu alitengeneza patisheni mbili za aina ya ext4. Ya kwanza, GB 40, aliipa alama ya mkwaju peke yake, /, ambapo mfumo wenyewe hukaa. Ubuntu huomba angalau GB 25, kwa hiyo 40 inaupa nafasi ya kupumua. Iliyobaki yote aliiita /home, makazi ya kazi zake mwenyewe. Zamani tungetenga pia sehemu ya swap, lakini Ubuntu ya siku hizi hujitengenezea faili la kazi hiyo.

Palikuwa na kipatisheni cha MB 100, kidogo cha kudharaulika, kiitwacho EFI. Hicho ndicho kinachoionyesha kompyuta mifumo iliko. Alikiacha kitumike na mifumo yote miwili, na akahakikisha kisanduku cha kukifomati hakina tiki. Kisanduku hicho kimewaliza watu wengi.

Kabla ya kuandika chochote, programu ilimwonyesha orodha ya mabadiliko. Mpaka hapo diski haikuwa imeguswa. Angeweza kurudi nyuma bila hasara. Alisoma kila mstari kwa sauti: sda1 ya EFI haifomatiwi, sda3 ya Windows haimo. Ndipo akabonyeza.

Sasa ile sababu. Kila baada ya miaka 2, mwezi Aprili, Ubuntu hutoa toleo la kutumika kwa muda mrefu. Mwenye /home yake peke yake anaweza kuufuta mfumo wa zamani na kuweka mpya, huku barua, picha na kazi za shule zikibaki zilipo, mradi asiifomati. Kwangu mimi hilo linastahili zile dakika chache za kugawa mwenyewe.

Nawe ukiipata laptopu kuukuu, usiiogope. Toa nakala kwanza, soma orodha mpaka mwisho, na kama kuna mstari usiouelewa, usibonyeze. Rudi nyuma, uliza.